Mkuu, chaki zimeisha

Barua ya kukaimu ukuu wa shule niliipokea Aprili 2021, siku ya Jumatano, nikiwa kidato cha tatu katikati ya somo la logi. Mratibu elimu kata alikuja na pikipiki yake, akaniita mlangoni, akanikabidhi bahasha. Niliifungua pale pale. Vidole vyangu vilikuwa vimejaa vumbi la chaki, vikaacha alama nyeupe kwenye karatasi yenye nembo ya taifa. Alama hizo zipo hadi leo. Barua naitunza nyumbani kwenye faili la kijani, na kila nikiifungua zinanikumbusha nilikuwa nafanya nini saa ile nilipoitwa.

Nilirudi ubaoni nikamaliza kipindi. Kesho yake asubuhi, wanafunzi wakiwa bado wanafagia, mwalimu wa zamu alisimama mlangoni pa ofisi na daftari lake la zamu kwapani. "Mkuu," akasema, "chaki zimeisha."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuitwa Mkuu, na ndiyo kazi yangu ya kwanza. Niliiona ndogo. Hatua kama mia mbili kutoka geti la shule kuna duka la mama mmoja anayeuza sukari, sabuni, madaftari na chaki. Nikatoa pesa mfukoni nimtume mwanafunzi. Makamu wangu, mwalimu mtu mzima aliyekwisha kuhudumu chini ya wakuu wanne, akanishika mkono kwa upole. "Mdogo wangu, yule mama hana mashine ya EFD ya kutolea risiti. Ukinunua pale bila risiti, mkaguzi akija hiyo ni hoja, na hoja utaijibu wewe."

Basi chaki zikafuatwa wilayani, kilomita 46. Kwanza niliandika dokezo, nikajaza hati ya malipo, nikamtafuta mtia saini wa pili, mjumbe wa bodi ambaye siku hiyo alikuwa shambani kwake anavuna alizeti. Bodaboda hadi barabara kuu, kisha basi. Benki foleni, duka la vifaa vya shule foleni. Nilirudi jioni na katoni ya chaki begani, na nauli niliyotumia ilikuwa inakaribia bei ya katoni yenyewe. Siku nzima hiyo kidato cha nne A na B, ambao niliwabakiza mikononi mwangu kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa karibu, hawakusoma hisabati.

Nimeanza na chaki kwa makusudi. Watu wakizungumzia shida za shule zetu za sekondari hutaja mambo makubwa: mishahara, uhaba wa walimu, sera. Yote ni ya kweli na nitayagusa. Lakini mimi nilikaa kwenye kile kiti miaka miwili na miezi minne, na nilichokiona ni kwamba mkuu wa shule ya kata ameacha kuwa mwalimu. Tumemfanya karani, mhasibu, bwana manunuzi, msimamizi wa ujenzi na mjumbe wa mahakamani. Kazi moja ambayo hakuna mwingine wa kuifanya, kuingia darasani kukaa nyuma na kumsaidia mwalimu mwenzake afundishe vizuri zaidi, ndiyo inayokosa muda.

Shule yetu iko mkoa wa Singida, kwenye ile nchi ya mawe makubwa na upepo usiokatika. Mwaka ule tulikuwa na wanafunzi 412, mikondo 10, walimu 13. Wa hisabati tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa anabeba fizikia pia. Hisabati ilikuwa vipindi sita kwa wiki kwa kila mkondo. Mimi nilikuwa na mikondo mitano, yaani vipindi 30. Nilipopewa barua nilibaki na mikondo miwili ya kidato cha nne, na kuanzia wiki ile vipindi 18 havikuwa na mwenyewe. Shule ilipata mkuu na ikapoteza mwalimu wa hisabati kwa karatasi moja. Ukikumbuka kwamba hisabati ndilo somo ambalo kwa nchi nzima, kwenye mtihani wa kidato cha nne, anayefaulu ni mmoja kati ya wanne au watano, utaona uzito wa karatasi ile.

Sikuwa nimefunzwa uongozi. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, upo Bagamoyo, na wenzangu waliopitia kozi zake wanazisifu kwa dhati. Mimi niliingia ofisini na nilichojifunza kwa kuwaangalia wakuu wangu waliopita, mazuri yao na makosa yao.

Tuongee hesabu kidogo, maana ndiyo fani yangu. Tangu Januari 2016 mtoto wa sekondari hadi kidato cha nne halipi ada. Kwa shule ya kutwa serikali inaleta fidia ya ada shilingi 20,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Juu yake kuna ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000, na nusu ya hiyo, 12,500, ndiyo iliyokuwa inafika shuleni, nusu nyingine ikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Jumla iliyofika kwangu ni 32,500 kwa mtoto kwa mwaka. Siku za masomo ni 194. Gawanya: shilingi 167 na senti kidogo kwa siku. Pale kijijini kwetu andazi lilikuwa shilingi 100.

Kwa andazi moja na nusu kwa mtoto kwa siku nilipaswa kumlipa mlinzi, kununua luku, maji, chaki, rimu za karatasi, dawa za huduma ya kwanza, kurekebisha vitasa na madawati, kugharimia mitihani ya muhula, na kusafiri kwenda kwenye vikao nilivyoitwa. Siibezi elimu bila malipo. Nimemwona kwa macho yangu mtoto wa mchungaji wa ng'ombe, wa tano kuzaliwa, akivaa sare ya sekondari kwa sababu ada iliondolewa; kaka zake wanne hawakuivaa. Tena ruzuku ile ilikuwa inakuja kila mwezi, jambo ambalo wakuu wa zamani wanasema hawakulijua. Ninachosema ni kwamba kiasi kile kilipangwa na mtu aliyehesabu wanafunzi na akasahau kwamba shule yenyewe, hata yenye watoto wachache, ina mlinzi mmoja, ina bili ya umeme, na iko kilomita 46 kutoka benki.

Wazazi nao mikono imefungwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na tangu hapo neno "mchango" ukilitamka kwenye mkutano wa wazazi unaona walimu wanaangalia chini. Utaratibu wa michango ya hiari upo, wenye kamati na vibali, hasa kwa ajili ya chakula. Tulikubaliana na wazazi wetu debe la mahindi na kilo nne za maharage kwa mtoto kwa muhula, ili watoto wanaotembea kilomita nane wapate makande saa saba. Walikubali wenyewe, wakanyoosha mikono. Mzee mmoja ambaye hakuhudhuria akapiga simu kwa diwani, na kesho yake nilitakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini nawatoza wananchi. Nilijieleza, nikaambatanisha muhtasari wa mkutano na saini za wazazi 230. Makande yaliendelea. Lakini wiki mbili zile za kujieleza jiko lilikuwa baridi, na mahudhurio ya mchana kidato cha kwanza yalishuka hadi nusu. Mtoto mwenye njaa haitishi kikao, anaondoka tu kupitia nyuma ya vyoo.

Wale wasioijua historia hii niwarudishe nyuma kidogo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004. Nchi ilikuwa na sekondari kama 1,300 hivi, za serikali na binafsi. Kufikia 2009 zilikuwa zaidi ya 4,000. Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu alizunguka nchi nzima akihimiza kila kata iwe na shule yake, na wananchi walibeba mawe na mchanga vichwani. Mimi mwenyewe ni zao la shule hizo. Nilisoma darasa lisilo na madirisha, nikafundishwa kemia na kijana aliyemaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya mwezi mmoja, wale tuliowaita Voda Fasta. Namheshimu yule kijana hadi leo. Bila yeye nisingekuwa mwalimu.

Lakini angalia kilichoachwa nyuma tulipokimbia. Sekondari kongwe za serikali, zile za bweni, zilikuwa na bursa wa kushika hesabu, karani wa kupiga chapa na kutunza mafaili, mtunza stoo, mtunza maabara. Mkuu wa shule alikuwa na watu wa kumwondolea makaratasi. Shule za kata zilijengwa madarasa na ofisi, na watu hawa wote wakaondolewa kwenye ramani. Kazi zao hazikuondoka. Ziligawanywa kwa walimu. Kwetu mhasibu wa shule alikuwa mwalimu wa jiografia, stoo ilikuwa kwa mwalimu wa Kiswahili, na maabara, ile iliyojengwa kwenye kampeni ya 2014 ya maabara tatu kila shule, ilikuwa na meza za zege, masinki yasiyo na maji, na funguo zake alikuwa nazo mwalimu wa uraia.

Oktoba 2021 zikaja fedha za madarasa. Mtakumbuka: mkopo wa UVIKO-19, trilioni 1.3, na ndani yake madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari. Milioni 20 kwa darasa pamoja na viti na meza. Sisi tulipata mawili. Nilifurahi kweli, na nasema bila kusita kwamba yale madarasa ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyowahi kufanyika pale, kwa sababu Januari 2022 watoto waliochaguliwa kidato cha kwanza wote walipata pa kukaa kwa siku ile ile, hakuna aliyesubiri awamu ya pili.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa mimi. Ujenzi ulikwenda kwa utaratibu wa force account, maana yake hakuna mkandarasi. Shule inaunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, inatafuta fundi, inanunua vifaa. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Desemba sikujua darasa linafananaje kwa ndani. Nilijifunza uwiano wa mchanga na saruji. Nilijifunza kugonga tofali kwa kifundo cha kidole na kusikiliza sauti yake. Bei ya saruji ilipanda kwa sababu nchi nzima ilikuwa inajenga wakati mmoja, lori la kokoto likakwama mtoni, fundi akatoroka na malipo ya awali ya kazi ya boma, na simu yangu haikukaa kimya: picha, tuma picha, Mkuu, mko hatua gani, tuma picha tena, zinahitajika mkoani kabla ya saa nane. Kidato cha nne walifanya mtihani wa taifa katika mwezi huo huo wa Novemba. Nilikuwa mwalimu wao wa hisabati. Wiki mbili kabla ya mtihani niliwafundisha mara tatu tu, mara moja usiku kwa taa ya sola, nikiwa na vumbi la saruji kwenye nywele.

Matokeo yalipotoka, kati ya watahiniwa 61 waliofaulu hisabati walikuwa saba. Nawafahamu wote 61 kwa majina. Hili ndilo jambo ambalo sijaweza kulisahau na sitaki kulisahau.

Kikao cha tathmini kilifuata. Kuna maeneo shule zinazoshika mkia hupewa kinyago, mkuu wake anakipokea mbele ya wenzake huku watu wakipiga makofi. Kwetu hapakuwa na kinyago, lakini tulisimamishwa sisi wa mwisho, mmoja mmoja, tueleze "mkakati wa kufuta ziro". Karibu yangu alisimama mwalimu mwanamke mwenye miaka zaidi ya hamsini, mkuu wa shule isiyo na hata mwalimu mmoja wa fizikia. Aliulizwa kwa nini shule yake imefeli fizikia. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Sina mwalimu wa fizikia." Akaambiwa aache visingizio. Nilimwona mkono wake ukitafuta ukingo wa kiti nyuma yake. Hata leo naamini jibu lake ndilo lilikuwa jibu pekee la kitaalamu lililotolewa ndani ya ukumbi ule.

Sasa nije kwa walimu, kwa sababu mkuu wa shule hafundishi watoto 412 peke yake. Julai 2021 tuliletewa mwalimu wa fizikia na hisabati, ajira mpya. Alitoka Kyela, mvua na migomba, akashuka Singida wakati wa kiangazi na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba. Alihitimu chuo kikuu 2016. Miaka mitano alikuwa anauza vifaa vya simu na kufundisha kwa kujitolea. Posho ya kujikimu ya siku saba anayostahili mwajiriwa mpya haikuwa imeingia, na haikuingia hadi Novemba. Nyumba ya mwalimu hatukuwa nayo. Tukamtafutia chumba cha shilingi 15,000 kwa mwezi, mke wangu akampa unga na mafuta, makamu akampa ndoo na jiko la mkaa.

Alipopata hati yake ya kwanza ya mshahara alikuja nayo ofisini nimweleweshe. Tulikaa pamoja tukaisoma mstari kwa mstari. Bodi ya Mikopo asilimia 15, mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha walimu asilimia 2, kisha kodi. Robo ya mshahara inaondoka kabla kodi haijagusa. Alikunja karatasi taratibu, akasema, "Sawa, Mkuu. Angalau jina langu limo." Nilikumbuka mshahara wangu wa kwanza. Nilikumbuka pia mwenzetu wa kemia aliyekopa kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, ili amzike baba yake, na aliyekuwa akijificha stoo kila akiona pikipiki ngeni getini. Ukimkuta mwalimu wa namna hiyo darasani anafundisha kwa sauti ya chini bila kuinua macho, usikimbilie kuandika kwamba hana ari.

Kijana yule alichukua vile vipindi 18 juu ya fizikia yake. Septemba mwaka ule, wiki chache kabla ya fedha za ujenzi kuja, nilifanikiwa kuingia kwenye kipindi chake, kidato cha kwanza B, watoto 68. Nilikaa nyuma kabisa kwenye benchi moja na binti mdogo aliyekuwa ameshona begi lake kwa kitambaa cha kanga. Mwalimu aliandika ubaoni swali kwa Kiingereza: find the product of 12 and 8. Akasubiri. Kimya. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya kile kile, na nyuso 68 zimeinama kwenye madaftari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Akaanza kukasirika. Nilimwona anatazama fimbo iliyokuwa pembeni ya ubao.

Nilimwinamia yule binti nikamuuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Kumi na mbili mara nane?" Sijamaliza kuuliza, kaandika 96.

Aliijua hesabu. Alikuwa ameijua tangu darasa la nne. Neno moja la kigeni lilikuwa limesimama katikati yake na hesabu anayoiweza, na mwalimu wake alikuwa karibu kumchapa kwa ajili ya neno hilo. Huyu ni mtoto aliyezungumza Kinyiramba nyumbani, akasoma Kiswahili miaka saba, kisha akapewa wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza na kuambiwa haya, biolojia, fizikia, historia, hisabati, vyote kwa lugha hii. Mjadala wa lugha ya kufundishia umechosha wengi na una wanasiasa wake. Mimi nasema nilichokiona kwenye benchi la nyuma.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwarobaini, mimi na kijana. Sikumkemea. Nilimwambia tu kilichoandikwa kwenye daftari la yule binti. Alinyamaza, akafuta uso kwa kiganja, akasema, "Nilidhani hawajui." Kanuni za viboko zipo, hazizidi vinne na ni kwa idhini ya mkuu wa shule, lakini kanuni haikai darasani saa nne asubuhi. Aliyekuwa darasani saa ile ni yeye na hofu yake kwamba mada hazitaisha.

Wiki zile za ujenzi alikuja kwenye lundo la mifuko mitupu ya saruji, akaomba mitano. Aliipasua, akaikung'uta vumbi, akaiunganisha kwa gundi upande wa ndani uwe juu, akaandika kwa maka peni maneno yote ya hisabati ya kidato cha kwanza: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, mfano katikati. Akaibandika ukutani. Kila neno jipya likitokea, mwanafunzi mmoja anaitwa kuliongeza. Mtihani wa muhula uliofuata mkondo ule ulipanda kuliko mkondo mwingine wowote wa kidato cha kwanza. Gharama yake ilikuwa maka peni mbili na dakika 40 za mimi kukaa kwenye benchi.

Dakika 40 zile sikuzipata tena kirahisi. Nimehesabu kutoka kwenye shajara yangu: katika miezi 28 niliingia na kukaa kipindi kizima mara 11. Mara 11, kwa walimu 13. Kuna walimu niliofanya nao kazi kipindi chote kile ambao sikuwahi kuwaona wakifundisha kutoka mwanzo hadi kengele. Mafomu ya kuwatathmini niliyajaza.

Muda ulikwenda wapi? Nitakupa siku moja, ya Februari 2022. Asubuhi kituo cha polisi, kutoa maelezo kuhusu binti wa kidato cha pili aliyepewa ujauzito. Sheria imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na familia mbili zilikuwa zimeshakaa usiku kukubaliana ng'ombe wangapi, hivyo shahidi aliyebaki ni mkuu wa shule. Saa sita takwimu za viti na meza, za haraka, kupitia kundi la WhatsApp la wakuu. Saa saba mzazi, mama mmoja, ameleta bintiye arudi shuleni kwa waraka mpya wa Novemba 2021 unaowaruhusu waliojifungua kurejea. Binti ameshika sare mpya mkononi, mtoto yuko mgongoni kwa bibi. Huyu nilimpokea kwa furaha, tukapanga arudi nyumbani saa saba kunyonyesha. Saa tisa mgeni wa kukagua mazingira. Saa kumi na moja vocha za malipo. Saa mbili usiku mlinzi, ambaye mimi namwita babu, ananipigia: "Mwanangu, mifuko miwili ya saruji ya ukarabati imeloa." Hakuna hata kimoja hapo cha kudharau. Na hakuna hata kimoja kilichonileta karibu na kipindi cha mwalimu yeyote.

Nikiulizwa tufanye nini, siombi mengi. Tuajiriwe mhasibu mmoja kwa shule tatu za jirani, kijana wa stashahada mwenye pikipiki na mamlaka ya kusaini. Fedha za uendeshaji zitenganishwe: kiwango cha chini kisichobadilika kwa kila shule, kisha ndipo kihesabiwe kwa kichwa. Ujenzi ushikwe na wahandisi wa halmashauri, mkuu awe mpokeaji wa jengo. Mkuu apewe vipindi vichache vya kufundisha na vingi vya kukaa nyuma, na akiitwa kwenye tathmini aulizwe kwanza ameingia madarasa mangapi na ameona nini. Posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi, iliyoanza 2016, ni jambo jema, ingawa mimi kama kaimu miezi saba ya kwanza sikuiona. Lakini kwa kweli ningeibadilisha yote kwa huyo kijana mwenye pikipiki.

Agosti 2023 niliomba kwa maandishi nirudishwe darasani. Wengine waliniuliza nimekosana na nani. Sikukosana na mtu. Nilitaka kufundisha hisabati kabla sijasahau jinsi inavyofundishwa.

Aliyeletwa baada yangu ni dada mmoja, mwalimu wa biolojia, makini, anayejua majina ya watoto. Wakuu wenzake wa sasa wana mzigo wa mifumo ya kompyuta ambayo mimi sikuikuta, na wana mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024. Nyakati nyingine namwona dirishani saa moja usiku, uso wake una mwanga wa skrini, anapandisha kitu ambacho mtandao unakikataa.

Mwezi uliopita aliingia kwenye kipindi changu, kidato cha pili A. Hakunitaarifu. Alipita kando ya ukuta, chini ya karatasi za mifuko ya saruji ambazo sasa zimekuwa kahawia na zimeongezewa viraka viwili, akakaa benchi la nyuma, akafungua daftari. Nilikuwa nafundisha uwiano. Dakika ya tano simu yake ikatetema. Akaiangalia, akaigeuza kifudifudi. Ikatetema tena. Mara ya tatu aliinuka, akaniinamishia kichwa kuomba radhi, akatoka. Daftari alikuwa ameliacha wazi juu ya meza.

Tuliendelea. Nilishafika mfano wa tatu nilipousikia mlango. Alikuwa amerudi, vumbi la uwanjani kwenye viatu. Akapita kando ya ukuta, akakaa pale pale, akamnong'oneza binti aliye pembeni yake amwonyeshe tulipofikia.